Mzunguko Mmoja Mfupi

Enzi zetu, nyinyi mliokula viazi vitamu vya Kanama mkiwa bado na meno ya utoto, watu waliongea mlima kwa mlima bila kushuka. Nyanya yangu alikuwa na shamba juu ya Mahoko. Ng'ambo ya bonde, kwenye mlima wa pili, alikaa rafiki yake anayeitwa Kankindi. Kwa macho alikuwa karibu, ungemwona amesimama kama punje ya mtama. Kwa miguu ilikuwa asubuhi nzima, ushuke mpaka kwenye matete, upande tena udongo unaoteleza. Donc, kwa hiyo, waliitana.

Nyanya alipanda juu ya tuta, akaweka mikono miwili mdomoni. "Kankindi weee!" Halafu akanyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Hukutuma neno lolote kabla ya kusikia "Yeee!" ikirudi kutoka ng'ambo, imechoka, imelowa ukungu. Ikisharudi, unaanza na salamu. Umeamkaje, magoti yako, ng'ombe wako, mvua ya huko, yule mtoto aliyekuwa anaharisha. Salamu zikiisha ndipo unasema neno lako. Na ukimaliza, unachukua jiwe unagonga jembe mara mbili. Ko, ko. Maana yake nimekuachilia, rudi kwenye kazi yako. Mpaka asikie ile ko, ko, mwenzako anasimama pale pale. Nyanya alitufundisha hivi: aliyeita ndiye anayeachilia.

Siku moja katikati ya salamu nyanya aliona mbuzi kwenye maharage yake. Alikimbia, akafukuza mbuzi, akamfuata mpaka kwa mwenye mbuzi, wakatukanana vizuri, akasahau kila kitu. Mvua ikanyesha. Jioni tukamwona Kankindi anatokea kwenye njia, kitenge kimegandamana na mwili, kikapu kichwani kimejaa maji.

"Umeniacha nimesimama kama mti!"

"Sasa si ungeenda tu nyumbani?"

"Niende vipi? Hujaniachilia!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyanya akatoa viazi kwenye majivu, tukala wote, ganda jeusi linavunjika kwenye meno na ndani ni tamu kama asali. Naweza kusikia ile harufu sasa hivi, hapa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, na jirani yangu anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa.

Kwa nini nimeanza na viazi wakati nataka kusema juu ya simu? Sijui. Kichwa cha mtu mzima ni mbuzi aliyekata kamba, utamkuta kwenye maharage ya wengine. Mi shuleni nilikaa miaka miwili tu, mwalimu wetu alikuwa anatupiga na rula upande wa chuma, nikakimbia. Kwa hiyo nisomeni polepole. Nitafika.

Mama yangu alitoka Goma, ndiyo maana nyumbani tulilala kwa Kinyarwanda tukaamka kwa Kiswahili. Papa alikuwa wa hapa. Alifanya kazi ndani ya posta, chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia ziwa. Humo ndimo ilikaa santrali. Vijana wa leo hawajui santrali ni nini, wanafikiri simu zilizaliwa mfukoni. Ilikuwa kabati la mbao nyeusi, refu kuliko mtu, linanuka nta na shaba iliyopata joto. Mbele yake kulikuwa na vibati vidogo kama kucha, kila kimoja na namba yake. Daktari alikuwa namba nne. Mapadri namba saba. Hoteli ya kando ya ziwa, kumi na mbili. Mtu akizungusha mkono wa simu nyumbani kwake, kibati chake kinaanguka kwenye santrali: tak. Papa anachukua kamba yenye ncha ya shaba, anachoma kwenye tundu. "Ndiyo, unamutaka nani?" Halafu anachoma kamba ya pili kwa yule anayetakiwa, na watu wawili wanakutana pale, mbele ya tumbo la Papa.

Wakimaliza, mmoja wao anazungusha tena mara moja tu, kifupi. Kibati kinaanguka. Papa anajua wamemaliza, anachomoa kamba. Usipozungusha, kamba zinabaki zimechomwa, na wengine wanangoja. Kulikuwa na bwana mmoja wa kahawa hakuzungusha hata siku moja. Papa alikuwa anamtuma mtu amgongee mlango: "Muzee, umemaliza ao umekufa?"

Nilipenda kukaa chini ya ile meza, mgongo kwenye ukuta, nakula karanga. Jua la mchana liliingia na rangi ya ziwa, likawa linacheza kwenye dari kama maji. Vibati vinaanguka, tak, tak tak, halafu kimya kirefu, unasikia mawimbi yanapiga mawe, halafu tak. Nililala sana pale. Mpaka leo nikikosa usingizi ninajihesabia vibati.

Kwenda mbali kulikuwa na waya mmoja tu, ule wa Goma. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na kijiti cha mpaka, mnajua wenyewe. Kuku wa Petite Barrière, pale pa kuvukia, wanalala Rwanda wanataga Kongo. Lakini simu haikuvuka kama kuku. Ilibidi Papa amwamshe mwenzake wa Goma, na yule wa Goma ndiye aliyekuwa na kamba za Bukavu, za Rutshuru, za dunia yote. Maopereta hawakuitana majina. Waliitana miji. Yule bwana jina lake lilikuwa Goma, na Papa jina lake lilikuwa Gisenyi, mpaka mama naye akikasirika jikoni alisema: "Gisenyi, njoo ukule, chakula inapoa!"

Hawakuwa wameonana hata siku moja. Papa akienda Goma ilikuwa Jumapili, na Jumapili Goma alikuwa kazini. Walijuana kwa sauti na kwa mkono.

"Goma, uko?"

"Niko, Gisenyi. Ulilala?"

"Nililala. Weye unakohoa sana leo."

"Ni moshi ya ile mulima yenu ya moto."

"Mulima yetu? Ile mulima iko kwenu! Uzime weye mwenyewe!"

Mi chini ya meza nilisikia kila kitu, maana sauti ya Goma ilitoka kwenye kaske ya masikioni kama nyuki ndani ya kopo. Lakini kupiga soga kwenye waya kulikatazwa. Mkubwa wa posta, bwana mmoja mwenye viatu vinavyolia, alikuwa anapita nyuma kimya kimya, kama viatu vinavyolia vinaweza kupita kimya kimya. Kwa hiyo Papa na Goma waliongea kwa mkono wa kuzungushia.

Asubuhi mzunguko mmoja mrefu: niko, waya ni mzima. Goma anajibu miwili mifupi: nakusikia. Hiyo ilikuwa ya sheria, iliandikwa kwenye karatasi ukutani. Zile zingine walizitunga wenyewe. Mrefu na mfupi: mkubwa yuko hapa, usiseme ujinga. Mitatu mifupi ya haraka: nimeenda kunywa chai. Na jioni, saa kumi na moja kamili, kabla Papa hajavaa koti, alizungusha nusu, nusu, nusu, polepole sana, kama mtu anayembembeleza mtoto. Hiyo ilikuwa: lala salama. Goma alirudisha nusu, nusu, nusu. Sauti yake kwenye kengele yetu haikuwa kengele kabisa. Ilikuwa kama kijiko kinachogusa kikombe.

Papa alisema kila opereta ana mkono wake, na huwezi kuuficha kama vile huwezi kuficha kutembea kwako. Bukavu alizungusha kama mtu anayetwanga. Ruhengeri kama anayefukuza nzi. Goma mkono wake ulianza na nguvu halafu ukalegea mwishoni, na Papa alisema huyo ni mtu mwenye huruma. Mi ninawaambia, mpaka leo nikisikia mtu anagonga mlango nasema tabia yake kabla sijafungua.

Sisi watoto tulikuwa na nguzo za simu. Tulienda barabara ya Goma, kwenye mikaratusi, tunabandika sikio kwenye mti wa nguzo. Vuuuuuu. Tulisema ni maneno yanapita. Rafiki yangu mmoja aliapa amesikia Bukavu wanaagiza chumvi. Tulipeana zamu, sikio moja moja, na shavu linabaki na lami mpaka mama anakusugua na majivu. Papa alisema: "Kamama, ile ni upepo tu." Kamama ndilo jina alilonipa. Lakini sikumwamini. Upepo ungekuwa na huzuni vile kwa sababu gani?

Bon. Sasa nimefika.

Nyuma ya soko alikaa Mama Verediana, mshonaji, mjane mwenye mtoto mmoja, Laurenti. Laurenti alikuwa kijana mzima, mrefu, anacheka na mabega. Mama alitaka awe mwalimu. Yeye akaacha masomo akapanda malori, akawa anasaidia madereva kupakia na kuziba tairi. Siku ya soko Mahoko mama alimkuta juu ya magunia, mweusi kwa mafuta, anaimba. Akamwambia mbele ya watu wote, wauza maharage na wauza mbuzi: "Usirudi tena kwangu!" Laurenti alishuka kwenye gunia, akajipangusa mikono, akaenda Kongo. Ikapita miaka miwili.

Halafu dereva mmoja akaleta neno. Laurenti yuko Bukavu. Kuna lori linakwenda Kisangani, na kutoka kule anaweza kuendelea na mto, mbali kabisa. Ila Alhamisi mchana atakuwa ndani ya posta ya Bukavu. Anataka kusikia kwa mdomo wa mama yake mwenyewe kama anaweza kurudi nyumbani. Akisikia "rudi," anarudi. Asiposikia, anapanda lori.

Mtaa mzima ulijua. Mama Verediana alimaliza siku tatu hajashona hata kifungo. Alikuja nyumbani kwetu Jumatano na mayai kumi ndani ya kikapu, akamwambia Papa:

"Gisenyi, utanipatia mutoto wangu?"

"Nitakupatia, mama. Ila waya ya Bukavu ni mubaya. Usikawie. Sema neno yako ya kwanza kwanza."

"Neno yangu ni moja tu."

"Basi, ile moja. Rudi. Kiisha unaweza kusalimia."

Akacheka. "Nitasema rudi mbele ya kumusalimia? Mimi ni mama ao ni polisi?"

Alhamisi alikuja amevaa mshanana wake wa harusi na mafuta usoni. Kwenye benchi la posta walikaa watu nane ambao hawakuwa na barua wala stempu, walikuja kusikiliza tu. Mi nilikuwa chini ya meza na karanga zangu. Nilikuwa na miaka minane. Papa alizungusha, Goma akajibu, Goma akamzungushia Bukavu. Mchana ukapita. Bukavu anaitika, anapotea. Ziwa liliwaka kwenye dari, likafifia, likawa rangi ya shaba. Kibati kikaanguka.

"Gisenyi," nyuki wa ndani ya kopo alisema, "mutoto iko kule kwa Bukavu. Mupatie mama simu. Pole pole, waya ni ya kukatika."

Mama Verediana aliingia kwenye kabini, kile kijumba cha mbao chenye mlango wa kioo. Na alifanya vile tulivyofundishwa sote. Aliita mlima.

"Laurenti weee!"

Akanyamaza mpaka akasikia. Tukamwona uso unafunguka.

"Yeee! Ni wewe? Umeamkaje? Na yale magoti yaliyokuwa yanauma?"

Kwenye benchi watu wakaziba midomo.

"Mvua ya huko iko namna gani? … Hapa imenyesha. … Ng'ombe wa shangazi yako alizaa. … Dume! … Ndiyo! … Unakula? Wanakupikia sombe? … Na chumvi?"

"Mama, umwambie basi!" mtu wa benchi akapiga kelele.

"Mumwache aulize mbuzi kwanza, hajafika kwa mbuzi!" mwingine akasema, na wakacheka wote, na yeye ndani akapunga mkono, mnyamaze, bado nasalimia.

Hapo viatu vikalia kwenye ukumbi. Mkubwa alimwita Papa atie sahihi kwenye karatasi fulani. Papa akatoa kaske, akaitundika, akanitazama.

"Kamama, kaa hapa. Usiguse kitu."

"Ndiyo, Papa."

Na sikugusa. Nataka mjue, mwanzoni sikugusa. Nilitoka chini ya meza nikakaa kwenye kiti chake, kilikuwa na joto bado. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Kusoma saa sikujua, lakini saa kumi na moja niliijua kwa sura, mshale mrefu umesimama wima, mfupi umeinama chini kama mtu anayesali. Ilikuwa hivyo hasa. Nikafikiri, sasa ni wakati wa lala salama. Papa amekawia. Goma atakaa kule peke yake anangoja, atafikiri Gisenyi amemsahau. Nilimwonea huruma Goma, nawaambia ukweli. Mtu anayekohoa vile.

Nikashika mkono wa kuzungushia. Ulikuwa baridi na laini. Nikataka kufanya nusu, nusu, nusu.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Waya ulikuwa mmoja. Watu wakiwa wanaongea juu yake, mkono wowote utakaozungusha, hata kwa upole wa namna gani, kule ng'ambo ni neno moja tu: tumemaliza. Nilifanya nusu ya kwanza. Mkono wa mtoto hauna breki, ukaenda mzima. Mzunguko mmoja mfupi. Kibati chetu kikaanguka kule Goma, na Goma, aliyekuwa mtu wa kazi yake, akachomoa kamba.

Ndani ya kabini Mama Verediana alikuwa amefika kwa mbuzi. Nilimsikia vizuri.

"… wanne sasa. Na yule mweupe alikuwa wako, sijamuuza. Haya. Sasa, Laurenti, mwanangu, sikiliza. Nina neno langu."

Akanyamaza angoje "yeee."

"Laurenti?"

Akaita tena, mlima mzima. "Laurenti weee!" Halafu akanyamaza tena, kwa sababu husemi neno kabla mwenzako hajaitika. Alisimama na simu sikioni, shingo imenyooka, mshanana umemeta. Kwenye benchi kicheko kikafa kidogo kidogo, kama moto wa majani. Alisimama hivyo mpaka Papa akarudi.

Papa hakuniuliza. Aliona mkono wangu uko wapi. Akavaa kaske.

"Goma! Nani amekata?"

"Ni weye, Gisenyi. Umefunga."

Papa akanitazama. Sijawahi tena kutazamwa vile na mtu, si kwa hasira.

"Njo vile, ni kweli," akasema. "Ni mukono yangu."

Nyuki akakohoa. Kisha: "Apana, Gisenyi. Mukono yako naijua. Ile haikuwa yako. Ile ilikuwa kadogo."

"Goma, minakuomba. Ni mukono yangu."

"Bon," Goma akasema. "Ni mukono yako. Ngoja nimurudishe Bukavu."

Akazungusha. Tukasikia anazungusha, ule mkono wake unaoanza na nguvu, na safari hii haukulegea. Bukavu alikawia kuitika. Alipoitika, Goma alirudi kwetu akasema neno moja tu: "Ameshaenda." Papa aliomba, sheria ikatupwa ziwani, Bukavu naye alikuwa binadamu, akatuma mtu mbio mpaka kwenye maegesho ya malori. Yule mtu alirudi na vumbi tu.

Papa alifungua mlango wa kabini mwenyewe. "Mama, ni mimi. Nimekosa. Mukono yangu imezungusha."

Mama Verediana aliitundika simu mwenyewe. Hakulia, hakulaani. "Yewe, Gisenyi," alisema. "Ulikuwa na haraka gani? Nilikuwa nimemaliza mbuzi."

Nyumbani Papa hakunipiga. Mama alinipiga kidogo kwa sababu nilikataa kula. Papa hakusema kitu siku ile wala nyingine. Ila tangu asubuhi iliyofuata, akishafanya ule mrefu wa sheria na Goma kujibu miwili, Papa aliongeza nusu moja. Nusu moja tu, halafu anangoja. Haikuwa kwenye karatasi, haikuwa hata kwenye zile zao za zamani, na hakuna aliyemfundisha Goma maana yake. Goma aliijua. Ilikuwa: kuna habari? Goma alimuuliza Bukavu, madereva walimuuliza kila mtu wa barabara ya Kisangani, na jibu lilirudi kwa nusu moja, imelegea: hakuna. Asubuhi zote. Mi nilisikia kutoka chini ya meza, kisha kutoka kwenye mlango nilipokuwa mrefu siwezi tena kuingia chini ya meza. Miaka ikapita vile, nusu inakwenda, nusu inarudi.

Na Mama Verediana alikuja kila Alhamisi, akakaa kwenye benchi na sindano yake. Mahindi yakikomaa alinichomea. Mimi! "Kula, Kamama, umekonda." Niliyala yote. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililonisumbua. Amekufa hajajua. Nilimshika mkono siku za mwisho, nikamuuliza hali ya magoti, hali ya mvua, nikamaliza salamu zote, na neno sikulisema. Leo nalisema kwenu, ambao haliwasaidii.

Baadaye wakaleta mashine ya kujipigia mwenyewe, unatia kidole kwenye namba. Kabati jeusi walilitoa kwa mlango wa nyuma, watu sita, kamba zinaburuta chini kama matumbo ya kuku. Vibati vilianguka vyote kwa pamoja barabarani. Watoto waliviokota wakavifanya pesa za kuchezea.

Mjukuu wangu Divine ana simu mbili, na zote mbili zinakula umeme kuliko nyumba. Anaongea akitembea, anaongea akikojoa, Mungu anisamehe, nimesikia. Tukikaa huku karibu na mpaka simu yake inadaka mnara wa Kongo, inamkaribisha Kongo hajainuka kwenye kiti. Halafu anamaliza bila kuaga. Anaweka kidole, basi, mtu amepotea. Au anaona ujumbe wa mwenzake anausoma, anacheka, anaweka simu chini, na yule mwingine anabaki amesimama kwenye mlima wake na kikapu kinajaa maji. Hakuna anayegonga jembe. Sisi tulikuwa na waya mmoja kwa mji mzima, na tulijua nani ametuachilia na nani bado.

Nilimhadithia Divine habari hii, yote, mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Kisha akaniuliza:

"Sasa Nyanya, si huyo mama angemupigia tena?"

Nikacheka. Nifanye nini? Nikamwambia ndiyo, mwanangu, angempigia tena.

Lakini kuna kitu kimoja sikumwambia Divine. Santrali ilipofungwa, Papa alivuka Petite Barrière siku ya kawaida, kwa mara ya kwanza, akaenda kumtafuta Goma. Alimkuta mlangoni kwake, mtu mfupi, mwembamba, anakohoa. Papa alisema hawakusalimiana kwa mdomo. Goma aligonga ubao wa mlango kwa kidole, nusu, nusu, nusu, na wakaingia. Kule ndani ndipo Goma alipomwambia kile alichokuwa ameambiwa na Bukavu ile Alhamisi na hakutaka kukipitisha kwenye waya. Papa alikibeba mpaka siku zake za mwisho, akaniachia mimi.

Bukavu alisema kijana alikuja mapema, na shati jeupe lililopigwa pasi, na kofia mkononi. Alipokuwa anaongea na mama yake alikuwa anacheka na mabega. Alicheka kwa ng'ombe, akacheka kwa sombe. Mbuzi walipofika alikuwa anapangusa macho. Halafu waya ukawa kimya. Akangoja. Bukavu akamuuliza Goma, Goma akajibu, na Bukavu akamwambia kijana kama sheria inavyotaka: "Gisenyi amemaliza."

Kijana aliuliza mara moja. "Ni mama mwenyewe njo amemaliza?"

"Wamezungusha," Bukavu alisema.

Laurenti aliweka simu chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akasema aksanti. Akavaa kofia. Kwenye mlango alisimama kidogo, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anasikiliza kitu cha mbali. Kisha akashuka ngazi, akavuka barabara kwenda upande wa malori.